Sikukuu za Nyanya mwaka wa korona

Kabla ya korona nilidhani sikukuu za Wayahudi hufanyika sinagogi, kama zetu zinavyofanyika kanisani. Nilianza kazi ya kumtunza Nyanya, bibi mzee Myahudi, mwaka wa 2019, na siku za sikukuu kazi yangu ilikuwa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini, kumvua koti, kumkabidhi kwa rafiki zake, kisha kukaa nyuma na simu yangu. Machi 2020 milango ikafungwa. Familia ikaniomba nihamie kwake, chumba cha wageni, nisije nikamletea ugonjwa kutoka kwenye mabasi na kwa watu niliopanga nao nyumba. Nikahama na sanduku moja. Kwa mwaka mzima na zaidi nikawa naziona sikukuu zenyewe kwa karibu. Nyingine zilipunguzwa na bado zikafaa, nyingine zilikataa katakata kupunguzwa, na ile ambayo ningeapa haiwezekani bila umati ndiyo iliyofana kuliko zote.

Nyanya, ndivyo nilivyomwita naye akapenda, alizaliwa mwaka wa 1934 kaskazini mwa Minneapolis, Marekani, walikokuwa wakiishi Wayahudi wengi kabla ya kuhamia St. Louis Park, kitongoji cha magharibi ambako yeye na marehemu mumewe walinunua nyumba. Babu zake walitoka Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, makao makuu ya Lithuania. Mimi ni Mgusii wa Nyamira, Kenya, Msabato wa kuzaliwa. Wagusii tumejaa Minnesota, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, na wengi wetu tunaishi kwa kazi hii ya kutunza wazee. Usabato wangu ulinifaa kuliko cheti changu cha uuguzi. Nyanya hakuwa na haja ya kunieleza kwa nini Ijumaa jua likizama kazi inasimama, wala kwa nini nyama ya nguruwe haiingii jikoni. Hata kambale tulimkataa pamoja.

Sikukuu ya mwisho ya dunia ile ya zamani ilikuwa Purimu, usiku wa tarehe 9 Machi. Purimu ni kusoma kitabu cha Esta kwa kelele. Msomaji akitaja tu jina la Hamani, aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watoto wanatikisa manyanga, wakubwa wanagonga meza na kukanyaga sakafu ili jina hilo lisisikike. Watu huvaa mavazi ya kuigiza, na mwaka huo mmoja alikuja amevaa kama chupa ya sanitaiza. Tulicheka sana. Tulikula biskuti za pembe tatu kutoka sahani moja, mkono juu ya mkono. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona ni janga la dunia nzima, na sinagogi likatuma ujumbe kwamba halitafunguliwa Sabato hiyo.

Nilitarajia ubishi. Watu wenye amri 613, nikajiambia, hawawezi kukubali kufungiwa kirahisi hivyo. Nyanya akanishangaa. Kwao kuokoa uhai kunatangulia karibu amri zote, isipokuwa tatu tu: kuabudu sanamu, zinaa iliyoharamishwa na kuua. Walawi 18 inasema mtu aishi kwa amri hizo, na wazee wa Talmudi, mkusanyiko wao wa kale wa mijadala ya sheria, wakaongeza: aishi kwazo, asife kwazo. Kwa hiyo kubaki nyumbani hakukuwa ruhusa ya kulegea. Kulikuwa amri yenyewe. Halafu yeye alikuwa ameshapitia hali kama hiyo. Mwaka wa 1946, akiwa mtoto, polio iliingia Minneapolis vibaya hata maonyesho makubwa ya jimbo yakafutwa. Mwaka wa 2020 yakafutwa tena. Aliposikia habari hiyo redioni alitikisa kichwa tu na kuomba chai.

Pasaka iliingia jioni ya Jumatano, tarehe 8 Aprili, na hapo ndipo dhana yangu ya sinagogi ilipoanguka. Kiini cha Pasaka yao ni Seder, karamu yenye utaratibu wake inayofanyika mezani, nyumbani, ikiongozwa kwa kitabu kiitwacho Hagada. Hakuna kuhani wala madhabahu. Mwenye nyumba anatosha. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ilistahimili karantini kuliko ibada zetu. Kanisani kwetu Shule ya Sabato ilihamia Zoom bila taabu, lakini Meza ya Bwana kwa Wasabato hutanguliwa na huduma ya unyenyekevu, watu wanaoshana miguu wawili wawili, na hakuna aliyebuni namna ya kumwosha mwenzako miguu kupitia kioo cha kompyuta. Tuliahirisha, tukaahirisha tena.

Maandalizi yalituchukua wiki nzima. Chachu yote hutolewa nyumbani. Tulifuta makabati, tukatikisa vitabu vya mapishi, nikapitisha unyoya na mshumaa pembe za jikoni kutafuta makombo kwa sababu yeye hakuweza kuinama. Vyakula vya chachu ambavyo mtu hataki kuvitupa huuzwa kwa mkataba kwa mtu asiye Myahudi, kisha hununuliwa tena siku nane zikiisha. Miaka mingine watu huenda kwa rabi kutia saini. Mwaka huo walijaza fomu mtandaoni. Nikamwambia Nyanya aniuzie mimi, kwani si tuko nyumba moja? Akanitazama, akalitazama kabati la makaroni, akasema angependa kuyaona tena.

Madukani rafu za unga zilikuwa tupu. Matza, ule mkate usiotiwa chachu, tulikuwa nao, kwani binti yake alikuwa ameuagiza mapema. Mfupa wa kondoo wa kuweka kwenye sahani ya Seder haukupatikana popote, tukachoma shingo ya kuku, na Nyanya akasema hata mama yake alifanya hivyo miaka ya vita. Kisha likaja suala la tumbo langu mimi. Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki kwa desturi hawali mahindi, mchele wala maharagwe wakati wa Pasaka, ingawa si chachu hasa. Kamati ya sheria ya madhehebu ya Nyanya, yaani Conservative, iliruhusu vyakula hivyo mwishoni mwa 2015. Nikauliza: basi ugali unaruhusiwa? Nyanya akafikiri. "Marabi wameruhusu," akasema, "lakini mama yangu hajaruhusu." Mama yake alikuwa amefariki zamani. Tulikubaliana nitumie sufuria mpya, nipike upande wangu wa jiko. Siku ya nne nikamkuta amemega tonge kutoka sahani yangu, anachovya kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe, macho kwenye gazeti.

Vita vikubwa vilikuwa vya kompyuta. Nyanya ana watoto wawili. Binti yuko Chicago na hana shida na mitambo. Mwana yuko Yerusalemu, ni mtu wa dini wa kushika kila kitu, na kwake umeme hauguswi siku takatifu. Mwishoni mwa Machi marabi kadhaa wenye asili ya Afrika Kaskazini nchini Israeli walitoa maoni kwamba wazee waliojitenga wanaweza kuunganishwa kwa Zoom usiku wa Seder, ili huzuni isiwaue kabla ya ugonjwa. Marabi Wakuu wa nchi wakapinga. Kwa simu nilisikia mwana akimweleza mama yake hoja za upande wa pili, kwa upole na kwa urefu. Nyanya akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu, "Nina miaka themanini na mitano. Nani ameniahidi Pasaka nyingine?" Mwana akanyamaza. Hakubadili msimamo, ila hakurudia hoja.

Wakapata njia kila mmoja kwa upande wake. Usiku wa kwanza kompyuta iliwashwa saa moja jioni, jua likiwa bado juu ya miti, ikaachwa hivyo hivyo hadi mwisho, bila Nyanya kuigusa. Huko Israeli familia zilikuwa zimezuiwa kutoka nje usiku huo, kila nyumba na watu wake tu, na saa mbili na nusu watu wakatoka kwenye roshani zao na kuimba pamoja maswali manne ambayo mtoto huuliza mezani usiku wa Seder. Usiku wa pili ndio uliokuwa wa mwana. Nje ya Israeli sikukuu ina Seder mbili, ndani ya Israeli ina moja, kwa hiyo usiku wetu wa pili kwake siku takatifu ilikuwa imekwisha na kompyuta haikuwa tena haramu. Kwetu ilikuwa saa mbili usiku, kwake saa kumi alfajiri. Mimi sikuhitaji kupiga hesabu, kwani majira hayo ya mwaka saa za Yerusalemu ni saa za Nyamira. Akatokea kwenye kioo amevaa suti, nywele zimelowa maji, watoto wamelala nyuma yake.

Usiku ule wa kwanza mezani tulikuwa wawili, Nyanya na mimi, na nyuso kumi na kitu mbele yetu. Miaka mingine ningekuwa jikoni. Nyanya alianza kwa maneno ya Hagada: kila mwenye njaa na aje ale. Akasimama hapo kidogo, akatazama mlango uliofungwa kwa kitasa na mnyororo, akaendelea. Ilipofika kunawa mikono, ambako Seder inakuagiza mara mbili, mjukuu mmoja akauliza kama lazima waimbe wimbo wa sekunde ishirini. Mboga za uchungu zilikuwa mzizi mkali uliokunwa, unaotoa machozi kabla haujafika mdomoni. Mimi niliyekua nikila chinsaga isiyotiwa maziwa nilimeza bila kukunja uso, watoto wa Chicago wakanipigia makofi.

Kisha yakaja mapigo kumi ya Misri. Kila pigo linapotajwa unachovya kidole kwenye divai na kudondosha tone sahanini, kwa kuwa furaha haiwezi kujaa kikombe wakati wengine waliumia. Damu. Vyura. Chawa. Tulipofika nzige, Nyanya akanigeukia. Alijua kwamba tangu mwisho wa Desemba Kenya ilikuwa imevamiwa na nzige, uvamizi mbaya zaidi kwa miaka 70. Dada yangu anafundisha Samburu, na alikuwa amenitumia video: anga ya rangi ya kutu inayotembea, watoto wanapiga mabati. Akaniambia niwaonyeshe. Nikainua simu mbele ya kamera. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Mtoto wa miaka sita akauliza kama hao ni nzige wa kweli au wa katuni, na mama yake akamjibu kwamba ni wa kweli, wa mwaka huu. Sijui kama Seder nyingine yoyote usiku huo ilikuwa na ushahidi wa aina hiyo. Wakati wa korona watu wengi Marekani walikuwa wakilitaja pigo hilo kwa mzaha. Mezani petu halikuwa na mzaha tena.

Kilichonishangaza ni kipande cha matza kiitwacho afikomani. Hufichwa, na watoto hukisaka nyumba nzima, kisha hulipwa, kwa sababu karamu haiwezi kumalizika bila hicho. Utamsakisha vipi mtoto aliye Chicago kitu kilichofichwa Minnesota? Nyanya akaninong'oneza nikifiche, nikakitia ndani ya glavu ya jikoni. Halafu nikabeba tableti nikawa miguu yao. "Kushoto! Hapana, fungua droo! Nyuma ya saa!" Walinizungusha hadi chumba cha kufulia nguo. Nyanya alicheka hadi nikamletea maji. Mwaka uliotangulia, naambiwa, watoto walikipata baada ya dakika mbili na kurudi kwenye simu zao.

Haikuwa hivyo kwa kila mtu. Nyanya alikuwa na rafiki mjane katika nyumba ya wazee upande mwingine wa mji. Huko wazee walifungiwa kila mmoja chumbani mwake, na chakula kiliachwa mlangoni. Hakuwa na kompyuta wala hakutaka. Talmudi ilimfikiria mtu kama huyo tangu zamani: maswali manne ya Seder huulizwa na mtoto, mtoto asipokuwepo mke ndiye huuliza, na aliye peke yake hujiuliza mwenyewe. Siku kadhaa baadaye alimpigia Nyanya simu akamwambia alijiuliza kwa sauti, akajijibu, na jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mwezi wa Mei ulikuja na mambo ambayo hakuna kitabu kilichoyapanga. Baba mdogo alifariki nyumbani Nyamira, si kwa korona, kwa moyo. Wakati huo serikali ya Kenya iliruhusu watu 15 tu mazishini. Kwa Wagusii kumzika mtu mzima na watu 15 ni kama kutomzika. Nilifuata mazishi kwa WhatsApp saa nane usiku, saa nne asubuhi kwao, picha ikikatika kila upepo ukivuma. Nyanya alisikia, akaja na kijiti chake cha kutembelea, akaketi nami hadi udongo ukajaa. Asubuhi akanisimulia habari za Rabi Akiva Eger wa Posen, mji wa Poznań wa leo. Mwaka wa 1831, kipindupindu kilipoingia, rabi huyo aliagiza watu wasali kwa makundi madogo ya kama watu 15, kundi moja likimaliza lingine liingie. Namba ile ile. Sikujua kama nicheke.

Mchana mjukuu wake aliacha kapu mlangoni: mayai ya kuchemsha na supu ya dengu. Mlo wa kwanza wa mfiwa, kwa desturi yao, lazima utoke kwa mwingine, asipike mwenyewe. Nilikuwa mtunzaji na siku hiyo nilitunzwa.

Majuma machache baadaye ilikuwa kumbukumbu ya mwaka ya kifo cha mume wa Nyanya, na hapo niliona mahali ambapo kioo kilishindwa. Sala ya wafiwa, Kadishi, husomwa mbele ya watu wazima kumi. Huwezi kuisoma peke yako chumbani. Kamati ya Conservative ilikuwa imetoa ruhusa ya dharura mwezi Machi, kila rabi aamue kama watu kumi mtandaoni wanahesabika wakati huu wa hatari. Rabi wake aliruhusu. Wa mwanawe hangeruhusu. Nyanya alisoma, sura kumi na mbili zikamwitikia "Amina", kila moja kwa wakati wake kwa sababu sauti zilichelewana, likawa vurugu badala ya kuitikia. Alipomaliza alisema imehesabika. Kisha akasema, "Mwakani nitaisoma tena vizuri." Hizo ndizo ibada zilizoumia. Karamu ya mezani inakubali kupunguzwa, lakini mahali ambapo sheria inahesabu miili ya watu, intaneti inatoa msaada wa kusukuma siku tu.

Shavuoti, Sikukuu ya Majuma, ambayo sisi Wakristo tunaijua kama Pentekoste, iliingia usiku wa tarehe 28 Mei. Desturi ni kukesha mkisoma Torati. George Floyd, Mmarekani Mweusi, alikuwa ameuawa na polisi mjini siku tatu kabla, na usiku ule ule kituo cha tatu cha polisi kilichomwa moto. Masomo yalianza kwa Zoom kabla ya jua kuzama, mwalimu akaacha somo lake kando akasoma amri ya usiue, na watu wakazungumza. Helikopta zilipita juu ya paa. Mimi nilikuwa jikoni napiga simu kwa kaka yangu anayefanya kazi ghalani usiku, asiendeshe gari. Tulikesha kweli. Nyanya hakwenda kulala hadi kaka yangu alipofika kwake. Kesho yake ikaja kafyu, saa mbili usiku, juu ya karantini.

Kufikia Septemba watu walikuwa wamejifunza kutumia hewa ya nje. Mwaka Mpya, Rosh Hashana, uliingia Ijumaa tarehe 18, na jioni hiyo, wakati wa kuchovya tofaa kwenye asali, habari zikaja kwamba Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, amefariki. Binti akalia kwenye simu. Kwa kuwa siku ya kwanza ilikuwa Sabato, baragumu halikupigwa. Lilisubiri Jumapili. Sinagogi liliwaita watu kwenye uwanja wa magari, kila familia kando ya gari lake, barakoa usoni, na mpigaji akasimama mbali juu ya jukwaa dogo. Pembe nayo ilivalishwa barakoa. Kitambaa kilefu kilifungwa kwenye mdomo wake mpana kwa mpira, kuzuia pumzi. Haikuwa pembe ya kondoo. Ilikuwa ya tandala, ndefu, iliyojisokota, kama wafanyavyo Wayahudi wa Yemeni, nikaitambua kabla ya kuambiwa. Niliwaza kitambaa kitaua sauti. Hakikuiua. Mbwa wa mtaa mzima waliitikia, na dereva wa lori la vifurushi akazima injini.

Alasiri tulikwenda kwenye kijito cha Minnehaha kutupa dhambi majini, ibada fupi ambayo tangu zamani hufanyika nje, kwa hiyo korona haikuwa na la kuifanya.

Siku ya Upatanisho ilikuwa ngumu kwa sababu nyingine. Ni saumu ya saa 25, hata maji hayapiti kooni. Nyanya ana kisukari, daktari amemkataza, na miaka yote alikuwa akienda sinagogi na kula kidogo kwa siri chumba cha pembeni. Sasa hakukuwa na chumba cha pembeni. Kompyuta ilikuwa sebuleni, uji ulikuwa jikoni, na aibu ilikuwa kati yao. Rabi alimpa utaratibu ambao sheria yao inao tayari kwa wagonjwa: kiasi kidogo, kisha subiri kama dakika tisa, kisha kidogo tena, ili isihesabike kuwa mlo kamili. Nikawa naangalia saa ya ukutani na kikombe cha kahawa chenye vijiko viwili vya uji. Mara ya tatu akanisimulia hadithi ya mji wa babu zake. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1848, kipindupindu kikiua watu Vilna, Rabi Israel Salanter aliwaamuru watu wale Siku ya Upatanisho, na wengine husema alipanda mimbarini akala yeye mwenyewe mbele ya wote ili mtu asione haya. "Basi mimi ni mtu wa Vilna," akasema, akaomba kijiko kingine kabla dakika tisa hazijatimia. Nikamwambia angoje.

Sikukuu ya Vibanda ilikuwa rahisi. Sikukuu ambayo sheria yake inataka ukae nje chini ya paa la matawi unaloweza kuona nyota kupitia kwake ni kama iliandikwa na daktari wa mapafu. Wajukuu walijenga kibanda nyuma ya nyumba, wakala mwisho ule, Nyanya akala mwisho huu akiwa na blanketi mbili, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nyuso zilionana bila kioo. Mishumaa ya Hanuka, sikukuu yao ya taa, tuliiweka dirishani mwezi Desemba, kama ilivyo desturi kila mwaka, na siku ya kwanza ya sikukuu ilipokwisha chanjo ya Pfizer ilipata idhini Marekani. Nyanya alichanjwa Januari. Purimu ya 2021 ilisomwa kwenye uwanja wa magari, na watu wakamzomea Hamani kwa honi. Watoto walipenda. Watu wazima, mimi nikiwemo, tuliumwa kichwa, na desturi hiyo haikurudiwa.

Pasaka ya 2021 iliingia Jumamosi usiku, tarehe 27 Machi. Wakubwa wote waliokuja walikuwa wamechanjwa. Binti alifika kwa gari kutoka Chicago, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama anaruhusiwa kuingia, hadi Nyanya akamwambia anapoteza joto la nyumba. Niliandaa viti kumi na vitatu. Kulikuwa na mabishano kuhusu kompyuta: binti alitaka ifungiwe kabatini, amechoka nayo. Usiku wa kwanza ilifungiwa. Usiku wa pili Nyanya akaitaka mezani, pale anapokaa mwanawe akija, na saa kumi alfajiri ya Yerusalemu akatokea, safari hii na mtoto mmoja macho. Mpaka sasa usiku wa pili umebaki hivyo, na hakuna anayeuita wa dharura.

Rafiki mjane wa nyumba ya wazee naye aliletwa usiku ule wa kwanza, miezi kumi na miwili baada ya kugongewa ukuta. Watoto walikuwa wamejifunza maswali manne na walikuwa wamegawana, kila mmoja mawili. Mzee akawaomba samahani, akasimama kwa kushika meza na kuyauliza yote mwenyewe. Alisema majibu aliyojipa mwaka uliopita hayakumridhisha.